Msaada wakuu: nimefunga mashine ya mkia mfupi kwenye boti, inapiga kelele na kurusha maji juu ila boti haiendi

MwanaMwalo

Wakuu salama? Naombeni msaada kwa anayezijua hizi mashine, maana huku kwetu niko peke yangu nayo na mafundi wote wananiangalia kama nimenunua helikopta.

Niko Ghuba ya Mwanza upande wa Sengerema, nina vizimba vya sato kama mita 500 kutoka mwaloni. Shida mnaijua, gugumaji. Upepo ukigeuka usiku, asubuhi unakuta mwalo wote umefungwa, kijani tupu huoni maji. Kwa autibodi (injini ya kawaida ya kuning'inia nyuma ya boti) ukiingia humo unaenda mita ishirini unazima, unanyanyua, unatoa mizizi kwenye propela, unawasha tena, na mbaya zaidi yale matakataka yanaziba pale inapovuta maji ya kupozea. Nimeshaua pampu mbili za maji na mara ya mwisho injini ikachemka mpaka pistoni ikashika. Nikasema basi.

Nikaona kwenye video watu wanapita kwenye tope na majani na injini kama ya pampu ya kumwagilia, inapozwa na upepo, haivuti maji popote. Nikaagiza seti. Siyo ile ya bomba refu la Kithailand, yaani mkia mrefu, hii ni ya mkia mfupi, wenyewe wanaita sefesi draivu: injini inakaa juu, mkanda wa meno unashuka mpaka puli ya chini, halafu inatoka shafti fupi kama sentimita 70 na propela mwishoni. Injini ya Kichina cc 420, imeandikwa hospawa 15. Boti nimechongesha mpya ya mbao, futi 16, kitako bapa, tezi (ule ubao wa mwisho nyuma) imekatwa wima, chini kule nyuma ina upana wa futi tatu na nusu.

Siku ya kwanza nimeifunga kama autibodi, propela yote ndani ya maji. Injini ikawa inalemewa, moshi mweusi, mkanda unanuka, na spidi ni ya mtu anayepiga kasia bila haraka. Siku ya pili nikaweka ubao wa sentimita 10 chini ya stendi ili inyanyuke. Sasa hivi injini inalia kama imechanganyikiwa, maji yanaruka juu nyuma kama mita tatu, watoto mwaloni wanashangilia, boti haiendi. Inashika kidogo, inaachia, inashika, inaachia. Halafu mpini unanivuta upande mmoja mpaka mkono unakufa ganzi. Na nikiinamisha ili nipite juu ya magugu injini inajizima yenyewe.

Nimekosea wapi? Au nimepigwa?

kasuku_wa_ziwa

Umenunua feni mkuu 😂 pole lakini, hiyo video ya watoto tuwekee

FundiBoti_Ksm

Sasa ndugu. Mimi natengeneza boti huku Kisumu, hyacinth ya Ghuba ya Winam si mchezo so nakuelewa kabisa. Hizo mashine nimefunga tatu mpaka sasa, mbili ziko sawa na moja mwenyewe aliiuza kwa hasira. Wacha nikuulize kwanza kabla watu hawajaanza kukuambia ununue propela ingine. Moja, kutoka chini ya boti pale mwisho mpaka juu pale umefunga stendi ni sentimita ngapi? Mbili, ukiwa na boti nchi kavu, hiyo shafti imelala sawa na kitako ama inaangalia chini? Tatu, kitako chenyewe ni laini mpaka mwisho ama kuna mbao zimepita chini? Tuma picha ya chini, usitume ya juu. Watu hupenda kutuma picha ya injini, injini huwa haina shida.

Msukuma_wa_Bayou

Mkuu hujapigwa. Mimi ni wa Magu ila niko Louisiana mwaka wa tisa huu, na huku ndiko kwao hasa. Kampuni ya Go-Devil ya pale Baton Rouge ilianza kuuza zile za mkia mrefu tangu 1977, hizi za mkanda na mkia mfupi zimekuja baadaye, na msimu wa kuwinda bata zote zinaamka saa kumi usiku huwezi kulala. Nina moja kwenye boti ya alumini.

Kosa lako la kwanza ndilo la kila mtu aliyetokea kwenye autibodi. Autibodi inataka propela izame. Hii haitaki, imetengenezwa ifanye kazi pale juu maji yanapokutana na hewa, ndiyo maana majani ya propela yake yana umbo lile la kama upanga uliopinda, yamekatwa yaingie na kutoka kwenye maji kila mzunguko. Boti ikishapanda juu ya maji na kuteleza, nusu ya propela inakuwa nje, nusu ndani. Ukiizamisha yote unaiambia injini ndogo isukume ukuta, ndiyo ule moshi mweusi.

Ila kosa la pili ni kwamba ukiambiwa hivyo unainyanyua sana. Boti ikiwa bado haijapanda, inakwenda imekaa ndani ya maji, propela iliyo juu inakula hewa tu. Kwa hiyo urefu unaoutafuta ni wa boti ikiwa inakimbia, siyo ikiwa imesimama. Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa kwa sababu wanapima boti imefungwa kwenye gati.

Mimi nilivyofundishwa: boti juu ya magogo, chukua rula ndefu au ubao ulionyooka, ulaze chini ya kitako utokeze nyuma kama mita moja. Huo ubao ndio uso wa maji yako boti ikikimbia. Sasa shusha mashine kwenye mkao wa kukimbia, shafti iwe karibu sambamba na ule ubao, ikiinama kidogo tu kwa nyuma, na katikati ya propela iwe hapo hapo kwenye ubao au inchi moja mbili chini yake. Anzia hapo. Usianzie kwenye mawazo.

Halafu kuna lile bati bapa juu ya propela. Ukikimbia mwambie mtu aangalie nyuma: maji yakipita juu ya bati, umezama mno. Yakipita chini kabisa bila kuligusa, uko juu mno. Unataka yalambe chini ya bati.

MwanaMwalo

Asanteni sana, hii ndiyo elimu niliyokuwa naitafuta. Nimepima leo. Tezi mpaka kwenye stendi ni sentimita 51, na ule ubao wangu wa siku ya pili inakuwa 61. Kwa ule mtindo wa rula, bila ubao katikati ya propela iko chini ya kitako sentimita 12, nikiweka ubao iko sentimita 2 chini. Kwa hiyo kwa maelezo ya Msukuma, ile ya siku ya pili ilikuwa sawa kabisa!! Sasa mbona inakula hewa?

Picha ya chini nitatuma kesho, boti iko majini.

Kamba_na_Nanga

Hiyo ya kujizima ni sensa ya oili. Kuna waya wa njano unatoka ubavuni mwa injini, uchomoe tu, shida imekwisha. Sisi pampu zote za shambani tunafanya hivyo.

FundiSpana

Usimsikilize huyo juu yangu. Waya wa njano kweli ndio wenyewe lakini pampu ya shamba imekaa kwenye udongo haitikisiki, yako inainama kila dakika. Hizi injini za Honda aina ya GX na zile za Kichina zilizoigwa kutoka kwake hazina pampu ya oili, kuna kijiko kwenye mkono wa pistoni kinachota oili chini na kuirusha juu. Ukiinamisha zaidi ya nyuzi 20 kwa muda mrefu, oili inakimbilia upande mmoja na kijiko kinachota hewa. Sensa inakuzimia kwa kukuhurumia. Ukiichomoa utakwenda vizuri mwezi mzima halafu siku moja katikati ya ziwa mkono wa pistoni unatokea ubavuni unakusalimia.

Cha kufanya: boti ikiwa kwenye mkao wa kukimbia, injini iwe imelala sawa, weka kabari chini ya miguu yake kama inabidi. Oili jaza mpaka ifike kwenye nyuzi za tundu la kujazia, hizi kubwa zinachukua kama lita 1.1, wengi wanaweka lita moja wanasema inatosha. Na ukitaka kupita juu ya magugu usiinamishe kwa muda mrefu, inamisha, pita, rudisha.

Halafu hizo hospawa 15 zisikudanganye. Honda wenyewe GX390 yao ilikuwa inauzwa kama 13, siku hizi wameandika 11.7 kwa kipimo halisi, na Mchina haandiki kidogo kuliko ilivyo. Ongeza na hili ambalo watu wa ziwani hatulifikirii: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Vitabu vya Honda vinasema injini inapoteza kama asilimia 3.5 kila ukipanda mita 300. Piga hesabu, unakuta umepoteza kama asilimia 13 kabla hata hujapakia gunia. Kabureta haina haja ya kubadilishwa, hiyo ni kwa wa juu ya mita 1,500, lakini jua tu kwamba ulichonacho mkononi ni kama farasi kumi hivi, tena waliochoka.

Kwa hiyo jibu pia swali hili: unapakia nini?

MwanaMwalo

Dah. Asubuhi napakia mifuko kumi ya chakula cha samaki, kilo 20 kila mmoja, mimi na kijana mmoja. Kurudi tupu, au na samaki kidogo.

Msukuma_wa_Bayou

Hapo tuseme ukweli mapema. Kilo 200 za chakula, watu wawili 140, mashine yenyewe 60 na kitu, petroli, halafu boti ya mbao mbichi. Boti yangu ya alumini ya futi 16 inapanda juu ya maji na kukimbia, lakini ya mbao kama yako inaweza kuwa na uzito mara mbili yake kabla hujaingia. Ukiwa tupu nadhani itapanda. Ukiwa na mzigo haitapanda, itasukuma maji tu, na kwenye kusukuma maji hizi mashine ni dhaifu, hapo ile ya mkia mrefu ingekusaidia zaidi maana propela yake unaizamisha kwa mkono kadiri unavyotaka. Sijui kama muuzaji alikuambia hilo.

Kwa hiyo nisingefunga stendi moja kwa moja. Toboa matundu matatu ya urefu tofauti, au weka ile bolti ya kurekebisha mwinamo, ili asubuhi ukiwa na mzigo ushushe kidogo, jioni unyanyue.

ndege_wa_Rufiji

Samahani kuingilia uzi. Mimi niko Utete, huku mto ukipungua ni tope na michanga, hii kitu imenivutia. Nina injini ya jenereta cc 389 imelala ndani, naweza kuifungia puli?

FundiSpana

Angalia shafti yake kwanza. Za jenereta nyingi shafti imechongwa kama karoti, nene huku nyembamba kule, puli haikai. Unataka shafti iliyonyooka ya inchi moja yenye mfereji wa chavi (kile kichuma kinachoshika puli isiteleze kwenye shafti). Ukiwa nayo ya karoti usimruhusu fundi akuchomelee puli kwa umeme, itayumba na mkanda utaisha wiki moja. Uza, nunua nyingine.

MwanaMwalo

Picha hizo hapo wakuu. Tumeipandisha mchangani leo na kuigeuza, watu sita. Samahani kwa matope.

FundiBoti_Ksm

Nilijua! Nilijua tu! Ona picha ya pili, hiyo mbao imepita katikati ya boti kutoka mbele mpaka mwisho kabisa. Hiyo ni mkuku. Fundi wako alifanya kazi safi kabisa kwa boti ya kasia ama ya tanga, mkuku unafanya boti isitembee pembeni na upepo. Lakini sasa propela yako iko nyuma yake moja kwa moja. Umepima sentimita 2 chini ya kitako, na huo mkuku naona kama ni sentimita 5 kwenda chini, so katikati ya propela imejificha nyuma ya mbao. Maji yakipita pande zote mbili za mkuku yanafika pale mwisho yanaachana, katikati inabaki shimo, hewa inaingizwa hapo, propela inakula povu badala ya maji. Hata ukiweka mashine ya milioni ngapi itakula povu tu. Yule mteja wangu aliyeuza kwa hasira shida yake ilikuwa hii hii na mimi wakati huo sikuwa najua, nilimbadilishia propela mara mbili na pesa yake nikala, mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa kichwa tu.

Dawa: huo mkuku usiutoe wote, boti itakuwa kama sinia kwenye maji. Kata mwisho tu. Kutoka tezi uende mbele sentimita 70 hivi, uchonge kwa mteremko, uanze na urefu wake wa kawaida uishie sufuri kabla ya kufika mwisho, na sentimita kama 20 za mwisho kabisa kitako kiwe laini kama meza. Mahali misumari ilikuwa piga kalafati upya, pamba na mafuta, usiwe na haraka, acha ikauke.

Na kama umeshaigeuza, weka ile rula ya Msukuma kwa urefu wa kitako, mita moja na nusu za mwisho, pande zote mbili. Kukiwa na mwanga unapita katikati, kitako kimebonyea ama kimebinuka. Kikibinuka juu mwishoni boti itakuwa inaruka ruka mdomo kama inaitikia ndiyo. Kikishuka chini, mdomo utachimba maji.

Msukuma_wa_Bayou

Heshima kwako fundi. Nimeangalia picha mara tatu nikaona matope tu. Huku boti zinakuja na kitako kisafi kutoka kiwandani, mtu haulizi.

kasuku_wa_ziwa

kumbe siyo feni

FundiSpana

Wakati kalafati inakauka, shughulikia mkanda, kwa sababu umesema ulinuka. Mkanda wa meno haunuki bila sababu. Toa kava, weka rula ya chuma kwenye uso wa puli zote mbili, iguse sehemu nne. Ikigusa tatu, puli zimepishana, legeza injini isogeze. Halafu mkazo: pima umbali kati ya puli na puli, kwa kila sentimita 10 mkanda ukiubonyeza kwa kidole katikati ushuke milimita moja na nusu hivi. Yako ukiwa na sentimita 30 ushuke kama milimita 5. Mafundi wetu wanapenda kukaza mpaka mkanda unalia kama gitaa, hapo unaua beringi ya injini na beringi ya chini kwa mpigo. Ukilegea nao unaruka meno, utasikia tatatata wakati wa kuvuta mafuta. Baada ya saa za kwanza tano kagua tena, mpya unalegea.

Hesabu meno ya puli uniambie. Na tafuta ile saa ndogo ya kuhesabu mizunguko, unaviringisha waya wake kwenye waya wa plagi, ni bei ya soda kadhaa. Bila hiyo tunabahatisha.

MwanaMwalo

Puli ya juu meno 28, ya chini 44. Propela imeandikwa inchi 9 ya hatua, yaani umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja. Saa hiyo kuna kijana Mwanza mjini anayo, nitaifuata.

Na huo mpini unaovuta je?

FundiSpana

Injini ikizunguka 3,600, chini inapata kama 2,290. Inchi 9 mara hiyo ni kilomita 31 kwa saa kama maji yangekuwa mbao na propela parafujo. Maji siyo mbao, toa robo au theluthi. Kwa hiyo ukipata 20 na kitu ukiwa tupu usilalamike.

Ukivuta mafuta yote, boti inakimbia, saa isome karibu na 3,600. Ikiishia 2,900 na moshi, propela ni kubwa au umezama mno. Ikipiga mpaka mwisho ukiwa umevuta nusu tu, bado unakula hewa.

Msukuma_wa_Bayou

Mpini: jani la chini linapiga maji, la juu linapiga hewa, kwa hiyo propela inatembea pembeni kama tairi kwenye barabara. Ukisimama nyuma ukaiona inazunguka kama mishale ya saa, itakimbilia kulia. Kila ulivyoinyanyua zaidi ndivyo inavyovuta zaidi, kwa hiyo ukishusha kidogo tu utaona nafuu. Kinachobaki, chini ya propela kuna ile pezi ya chuma. Ukingo wake wa nyuma upinde kidogo, milimita tatu nne, jaribu, ongeza. Upinde kuelekea ule ule upande propela inakokimbilia. Najua inasikika kinyume, mimi mwenyewe nilipinda upande wa pili nikakaribia kuangukia majini. Maji yanayopiga pale yanasukumwa kulia, pezi inasukumwa kushoto.

Na kamba ya kuzimia ifungwe mkononi, siyo kwenye mpini. Seti yako ina klachi?

MwanaMwalo

Haina. Ukivuta kamba ya kuwashia propela inazunguka hapo hapo.

Msukuma_wa_Bayou

Basi mwaloni usiwashe mpaka umesukuma kwa upondo ukafika mbali na watoto wanaooga. Sisemi kwa utani. Hii propela haina kitu chochote kinachoikinga na inazunguka juu juu pale pale mguu wa mtu ulipo. Na haina rivasi, kwa hiyo ukifika kizimbani zima mapema ujiendee na mwendo uliobaki.

ndege_wa_Rufiji

Shafti yangu ni ya karoti 😔

MwanaMwalo

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Fundi aliyejenga boti alikataa kata kata kukata mkuku, akasema boti bila mkuku ni jeneza, tumebishana mpaka nikamwonyesha uzi huu kwenye simu. Akasoma taratibu, akafika pale FundiBoti alipomsifu kwamba kazi ni safi, akasema huyu Mjaluo anaelewa, akachukua tezo. Amekata sentimita 75 kwa mteremko, kalafati siku tatu.

Rula ilionyesha kitako kiko sawa isipokuwa kulia kuna ubao umevimba kidogo, amepiga randa. Mkanda puli zilikuwa zimepishana karibu milimita 4, ndiyo harufu. Nimeongeza ubao wa mninga ndani ya tezi na bolti nne za stenlesi za milimita 12 zinapita mpaka ndani, maana ule wa mwanzo ulishaanza kufunguka kwenye kona.

Jumamosi asubuhi, maji yametulia, mimi peke yangu, tundu la katikati. Nikavuta mafuta nikangoja maji yaruke kama kawaida. Yakaruka kidogo, halafu mlio ukabadilika, ukashuka, kama mtu aliyekuwa anapiga kelele akaanza kuongea. Mdomo ukapanda, ukashuka, na ghafla naona ufuko unarudi nyuma haraka. Simu inasoma kilomita 23, saa inasoma 3,500. Nimepiga kelele peke yangu ziwani kama mwendawazimu.

Kwenye magugu: yale yanayoelea yaliyotawanyika haijali kabisa, nyuma inabaki supu ya kijani. Yale yaliyoshikana unene wa goti, ukiingia na kasi unapita kama mita kumi na tano halafu yanakusimamisha, narudi kwa upondo natafuta njia nyingine. Lakini sijatoa mzizi hata mmoja kwa mkono na hakuna kinachochemka.

Kwa mzigo wa mifuko kumi, tundu la chini, kilomita 10, haipandi, kama mlivyosema. Mifuko mitano inakwenda 13 hivi lakini mdomo unaangalia mbinguni. Nimeamua kwenda safari mbili, petroli naona inatoka karibu sawa.

Mpini umepungua sana, nimepinda pezi mara mbili. Kilichobaki ni hiki: jana nimefungua boksi la chini, lile la shafti ya propela, kuangalia, oili imekuwa kama chai ya maziwa.

FundiSpana

Maji yameingia. Toa propela uangalie nyuma yake, nina hakika utakuta uzi wa timba (zile nyavu za uzi wa plastiki) umejisokota kwenye shafti na umekata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji. Ukiuona ukate kwa wembe polepole usiikwaruze shafti, badilisha sili zote mbili siyo moja, zikae migongo kwa migongo, paka grisi ya maji katikati. Oili mwaga yote, suuza na dizeli, weka mpya. Na kuanzia leo kila Jumapili propela inatoka, dakika kumi.

MwanaMwalo

Nimetoa. Uzi wa timba, kama mita sita, umejisokota umekuwa kama pete. Namba ya sili ni 30-47-7, nani anajua duka Mwanza lenye hizo?

Kamba_na_Nanga

Njoo inbox mkuu, ninazo. Hizo sikuchomolei waya.